Akiba Ambayo Haiozi: Hotuba Kuhusu Kukausha Chakula Nyumbani

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wetu wa watu wanaopika na kuhifadhi chakula majumbani. Naiweka hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, kwa kuwa yote yaliyokuwa ndani yake niliyasema kwa mdomo.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu mliokusanyika hapa, wazee wetu na vijana wetu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya kazi ambayo nimeifanya kwa miaka mingi na ambayo bado naipenda kama siku ya kwanza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Je, ni nani kati yetu ambaye hajawahi kufungua kapu lake akakuta akiba imeoza? Ni nani ambaye hajawahi kubeba nyanya nyingi kwa furaha, akazipika siku ya kwanza, akazipika siku ya pili, na siku ya sita akazimwaga zikiwa zimelainika na kutoa maji? Mwaka 2024 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kutoka madukani, mikahawani na majumbani, na kwamba asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa majumbani. Majumbani, ndugu zangu! Sehemu kubwa kuliko zote ilitoka katika jiko kama langu na jiko kama lako.

Kwa hiyo leo nimekuja kusema jambo moja. Akiba ya chakula haiozi ikiwa imekaushwa sawasawa, na ikiwa inapikwa. Nawaomba mshike sehemu zote mbili za sentensi hiyo, kwa sababu wengi wetu tumeshika ile ya kwanza peke yake. Tumejifunza kukausha, tumejaza chupa, tumezipanga kabatini zikapendeza, kisha tumezisahau. Chakula kikavu kilichosahauliwa mwaka mzima hupoteza rangi, hupoteza harufu, hupoteza vitamini, na mwisho wake ni pipa lilelile ambalo tulikuwa tunalikimbia.

Tuanze na kukausha kwenyewe. Kukausha ni kuondoa maji. Mnaweza kusema kwamba hilo kila mtu analijua, lakini mimi nimeona watu wengi wakifanya kazi hii kana kwamba kukausha ni kuchoma. Rafiki yangu mmoja, mpishi mzuri sana, alikata matufaha akayapanga katika oveni, akaweka joto la nyuzi 90 za Selsiasi kwa kuwa alitaka kumaliza kabla ya usiku. Saa chache baadaye vipande vilikuwa vigumu kwa nje, vina rangi ya dhahabu, na ukivigonga vinalia. Akavitia katika chupa, akaifunga kwa nguvu. Baada ya wiki tatu aliifungua chupa ile ikatoka harufu ya pombe. Kulitokea nini? Joto kali lilikausha ngozi ya nje upesi kuliko maji ya ndani yalivyoweza kusafiri kuja juu, ngozi ile ikawa ganda, na ganda likayafungia maji ndani. Aliyoyakausha yalikuwa ni maganda. Mioyo ya vipande ilibaki mibichi.

Ndugu zangu, maji ya katikati ya kipande yana safari ya kufanya. Lazima kwanza yatoke katikati yafike juu, kisha yageuke mvuke, kisha hewa iyachukue. Ukiharakisha hatua ya pili na ya tatu ukaiacha nyuma hatua ya kwanza, umejifungia mlango mwenyewe. Ndiyo maana matunda na mboga nyingi hukaushwa katika joto la karibu nyuzi 57, na majani ya viungo, ambayo harufu yake huruka upesi, hukaushwa katika joto la chini zaidi, kati ya nyuzi 35 na 43. Ikiwa oveni yako haiwezi kushuka hadi nyuzi 60, usiitumie kwa kazi hii, hata kama ni oveni nzuri kwa mikate.

Na hewa je? Hewa ndiyo mbebaji wa mzigo wote. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke wa maji, na hewa hiyohiyo ikipashwa moto hadi nyuzi 40 inaweza kubeba takriban gramu 51, yaani mara tatu. Hiyo ndiyo faida ya joto: linampa mbebaji kikapu kikubwa zaidi. Lakini mbebaji aliyejaza kikapu chake lazima aondoke ampishe mwingine, la sivyo kazi inasimama. Kwa hiyo anayekausha katika oveni huacha mlango wazi kidogo, anayetengeneza kaushio la jua huliwekea tundu chini la kuingizia hewa na tundu juu la kuitolea, na anayeanika juani huinua chanja kutoka ardhini ili hewa ipite juu na chini ya chakula. Jua peke yake linatosha pale ambapo joto la mchana hufika nyuzi 30 au zaidi na unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 60. Siku ambayo nguo haikauki kambani, nyanya pia haitakauka. Itachacha.

Sasa nawaomba mnivumilie kidogo kwa jambo la kitaalamu, kwa maana ukilielewa hili hutahitaji kukariri sheria nyingi. Maji yaliyomo ndani ya chakula hayako katika hali moja. Mengine yako huru, na mengine yameshikwa na sukari, na chumvi, na nyuzinyuzi za chakula chenyewe. Vijidudu vinavyoozesha chakula vinaweza kutumia yale yaliyo huru tu. Wataalamu wana kipimo cha maji hayo huru ambacho huanzia sifuri na kuishia 1, na maji matupu ndiyo yenye 1. Bakteria wengi huacha kuongezeka kipimo kikishuka chini ya 0.91, ingawa yuko mkaidi mmoja, Staphylococcus aureus, anayeweza kuendelea hadi karibu 0.86. Kuvu huvumilia ukavu zaidi ya bakteria. Chini ya 0.60 hakuna kijidudu chochote kinachoweza kuongezeka.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini embe kavu likiwa bado linapindika na limebaki na asilimia 20 hivi ya maji hukaa salama, hali punje za nafaka zenye asilimia hiyohiyo ya maji huota ukungu. Embe limejaa sukari, na sukari imeyashika yale maji. Karoti haina sukari ya kiasi hicho, wala majani ya mboga hayana. Kwa hiyo matunda unayaacha yakiwa kama ngozi laini inayopindika bila kunata, na ukikikata kipande na kukibana kwa vidole halitoki hata tone. Mboga unazikausha hadi ziwe kama asilimia 10 tu ya maji, hadi zivunjike kwa sauti. Mboga inayopindika haijakauka. Narudia: mboga inayopindika haijakauka.

Je, kuna njia ya kujua bila kubahatisha? Iko, nayo ni mizani. Karoti ina maji kama asilimia 88, maana yake kilo moja ya karoti zilizomenywa ina gramu 120 tu za kitu kisicho maji. Ongeza yale maji machache yanayoruhusiwa kubaki, unapata takriban gramu 133. Basi pima kilo moja kabla ya kuanika, na ukikuta imefika gramu 130 na kitu, umemaliza. Nyanya ina maji zaidi, kama asilimia 94, na kilo 10 zake huishia kuwa theluthi mbili za kilo, zaidi ya kilo 9 zikiwa zimekwenda na hewa. Mtu asiyejua hesabu hii huona kikopo kidogo mwisho wa kazi akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Alikuwa amebeba maji.

Nije kwenye maandalizi, na hapa nitasema machache kwa sababu mengi mnayafanya tayari. Kata vipande vyembamba, kati ya milimita 3 na 6, na zaidi ya wembamba, vikate vilingane. Wavu wa kuanikia usiwe wa bati lililopakwa zinki, kwa kuwa asidi ya matunda huiyeyusha zinki hiyo ikaingia katika chakula. Wavu wa plastiki ya kuwekea chakula, kitambaa safi, mbao zisizo na harufu kali au chuma cha pua vinafaa. Matunda yanayogeuka rangi yakikatwa, kama tufaha na ndizi, yachovye katika maji yenye juisi ya limau. Wako wanaotumia moshi wa salfa ili rangi ibaki, lakini salfa hiyo inaweza kumletea mtu mwenye pumu shida ya kupumua, na sioni kwa nini jiko la nyumbani lihitaji hatari hiyo kwa ajili ya rangi.

Ila kuna jambo moja katika maandalizi ambalo sitalipita haraka, nalo ni maji ya moto. Nilipoanza kazi hii nilianika majani ya mboga kwenye kitambaa, juani, mchana kutwa, nikijisifu kwamba yamekauka katika siku moja. Yalikauka kweli. Yaligeuka pia kuwa ya manjano kama nyasi, na yalipopikwa yalinuka kama nyasi, na watoto wa nyumbani mwetu walisogeza sahani kwa heshima wakasema wameshiba. Je, kosa lilikuwa la watoto? Mama mmoja mwenye uzoefu mkubwa alinichukua nyumbani kwake akanionyesha makosa yangu mawili.

La kwanza, nilianika majani yakiwa mabichi kabisa. Ndani ya mboga mbichi kuna vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi hata baada ya mboga kuchumwa, vikibadilisha rangi, ladha na harufu, na ukavu huvipunguza kasi tu bila kuviua. Maji yanayochemka au mvuke wake huvisimamisha. Dakika 2 au 3 zinatosha kwa mboga nyingi, kisha zinatiwa katika maji baridi ili zisiendelee kuiva. Vilevile maji hayo hulainisha kuta za mboga, kwa hiyo zinakauka upesi na siku ya kupikwa zinarudi laini upesi. Vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, uyoga na nyanya havihitaji hatua hii. Karoti, maharage mabichi, njegere, viazi na majani vinaihitaji.

La pili, nilianika juani kitu ambacho kinapaswa kukaa kivulini. Mwanga wa jua huharibu karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo ndiyo hazina kubwa ya mboga za majani. Mama yule alitandaza majani yake chini ya paa, mahali penye upepo, akayageuza mara mbili kwa siku, na siku ya tatu yalikuwa yanavunjika mkononi yakiwa bado ya kijani. Vitamini C hupungua kwa vyovyote vile, na ni vyema tuseme ukweli huo wazi: chakula kikavu hakiondoi haja ya tunda bichi. Lakini madini, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya nguvu ya chakula hubaki, na karotini nyingi hubaki ukiiepusha na mwanga, wakati wa kukausha na wakati wa kuhifadhi.

Kuhusu nyama nitasema sentensi mbili tu, nanyi mzizingatie. Chagua nyama isiyo na mafuta, kwa kuwa mafuta hayakauki bali huchacha. Na kabla ya kuikausha ipike hadi ndani yake pafike nyuzi 71, au nyuzi 74 kama ni ya ndege, kwa sababu joto la kukaushia peke yake haliaminiki kuua bakteria walioko ndani ya nyama mbichi.

Sasa nafika mahali ambapo kazi nyingi nzuri huharibikia, nami nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu yangu iliharibikia hapohapo. Mwaka mmoja nilikausha maembe kwa siku nne. Niliyakata vizuri, niliyageuza, niliyafunika na wavu wasifike nzi. Jioni ya siku ya nne nikayatia katika chupa kubwa ya kioo, nikaifunga, nikaiweka kabatini, nikalala kwa amani. Baada ya mwezi nilikuta ukungu mweupe katikati ya chupa, na ukungu ule ulikuwa umesambaa kutoka katika kipande kimoja kinene kilichobaki na maji. Kipande kimoja! Nilimwaga chupa nzima, kazi ya siku nne, na sikuwa na haki ya kuokoa hata vile vipande vilivyoonekana visafi, kwa sababu nyuzi za kuvu hupenya mahali ambapo jicho halioni.

Ningefanya nini? Vipande havikauki vyote kwa pamoja hata ukivikata kwa uangalifu namna gani. Kwa hiyo baada ya matunda kupoa unayatia katika chupa ya kioo bila kuijaza, theluthi mbili tu, unaifunga, na kila siku kwa siku 7 hadi 10 unaitikisa na kuitazama. Vipande vikavu hunyonya unyevu wa vile visivyokauka, hadi vyote vinalingana. Ukiona ukungu wa mvuke au matone kwenye kioo, unayarudisha yote katika kaushio siku hiyohiyo. Hiyo ni kazi ya nusu dakika kwa siku. Nusu dakika hiyo ndiyo niliyoikosa.

Na kilichokaushwa nje, ambako wadudu hutua na kutaga mayai yasiyoonekana, kinahitaji hatua moja zaidi: saa 48 katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, au dakika 30 katika oveni yenye nyuzi 71. Baada ya hapo chupa ifungwe isiingize hewa, iandikwe tarehe, na ikae mahali penye giza na ubaridi. Ubaridi una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Matunda makavu yanayoweza kukaa mwaka mzima katika nyuzi 16 hukaa kama miezi 6 tu katika nyuzi 27, na mboga hukaa karibu nusu ya muda wa matunda. Kabati lililo juu ya jiko la moto ndilo kabati baya kuliko yote ndani ya nyumba.

Huenda mtu ananiuliza moyoni: mbona unatutisha kwa ukungu, si tunaukwangua tu? Acheni niwaeleze lililotokea Uingereza mwaka 1960. Katika miezi michache walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja, na kwa muda hakuna aliyejua sababu, hata ugonjwa ule ukaitwa ugonjwa X wa bata mzinga. Wachunguzi walifuata chakula cha ndege wale hadi wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyoletwa kutoka Brazili, na ndani yake wakakuta sumu iliyotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kutokana na jina la kuvu huyo sumu ikaitwa aflatoksini, nasi leo tunaiita sumukuvu. Imethibitishwa kwamba husababisha saratani ya ini kwa binadamu. Kuichemsha hakuiondoi, kuikaanga hakuiondoi kwa kiasi cha kutegemewa, na kukwangua ukungu wa juu hakuiondoi kwa sababu kuvu akishaondoka sumu yake hubaki.

Kwa hiyo anayehifadhi mahindi asiyafunge kabla hayajashuka hadi asilimia 13 hivi ya unyevu, na karanga zishuke zaidi, hadi asilimia 7 au 8. Asiye na kipima unyevu achukue chupa kavu ya kioo, atie punje za mahindi na kijiko cha chumvi iliyo kavu kabisa, aitikise, aiache itulie kwa dakika 10 au 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, punje bado zina unyevu mwingi mno. Ikianguka chini ikiwa imechambuka, zimekaribia. Mtihani huu haugharimu chochote, na ninausema kila nipatapo nafasi ya kusimama mbele za watu.

Ndugu zangu, sasa tuingie jikoni. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Siku moja nilirudi nyumbani usiku, nimechoka, na wageni wawili walikuwa wananisubiri. Hapakuwa na kitunguu kibichi, hapakuwa na nyanya, hapakuwa na jani la kijani. Nilikuwa na dengu na yale machupa yangu ambayo kwa miezi mingi nilikuwa nimeyatunza kama vyombo vya harusi, nikiyangojea hayo yaitwayo shida. Nikajiuliza: nayangojea nini? Niliyafungua matano kwa mara moja. Tulikula chakula chenye ladha nzito kuliko vile ninavyopika kwa vitu vibichi, na tangu usiku ule kabati langu halijawahi kuwa la maonyesho. Lakini kabla ya usiku ule nilikuwa nimeshindwa mara kadhaa, nikapata mchuzi wenye vipande vigumu vinavyokwama kwenye meno, kwa sababu hakuna aliyenifundisha kwamba chakula kikavu kina desturi zake sufuriani.

Chukueni kitunguu kikavu. Ukikitia moja kwa moja katika mafuta ya moto kitaungua kwa kufumba na kufumbua, na kitaacha uchungu katika mchuzi wote. Kiloweke kwanza kwa dakika 10 katika maji ya uvuguvugu, kikamue, ndipo ukitie katika mafuta, nacho kitageuka rangi ya dhahabu kama kitunguu kingine chochote. Nyanya kavu iloweke katika maji ya moto kwa nusu saa, na maji yake usiyamwage, kwa sababu rangi na ladha na sehemu ya vitamini vimehamia humo. Uyoga mkavu una harufu nzito kuliko mbichi, na maji yake ni mchuzi tayari, ila yapitishe katika kitambaa ili mchanga ubaki nje. Karoti ni mvumilivu lakini ni mzito wa kuamka: kikombe kimoja katika vikombe viwili vya maji, saa moja au zaidi. Majani makavu hayahitaji kulowekwa kabisa. Yavunje kwa mkono juu ya sufuria dakika 10 kabla ya kuepua.

Na chumvi? Chumvi itie mwisho. Limau na nyanya vitie mwisho pia, ikiwa humo kuna mboga kavu au maharage yanayotakiwa kulainika, kwa sababu chumvi huchelewesha maji kuingia na asidi huzuia kuta za mboga kulegea. Hilo peke yake ndilo lililokuwa siri ya vile vipande vigumu vyangu. Nilikuwa natia nyanya mwanzoni kwa mazoea ya mboga mbichi, kisha nashangaa karoti zimekuwa kama vijiti baada ya saa nzima ya moto.

Kuna tahadhari mbili ambazo siwezi kuondoka hapa bila kuzitaja. Kukausha hakuui vijidudu vyote. Vingi hulala tu vikingoja maji, na bakteria kama Salmonella wanaweza kubaki hai katika chakula kikavu kwa miezi. Kwa hiyo chakula kilicholowekwa kimerudi kuwa chakula kibichi. Kama kitalowekwa zaidi ya saa mbili, kikae katika jokofu, na kikitoka huko kipikwe. Tahadhari ya pili inahusu wanaopenda kuweka nyanya kavu katika mafuta pamoja na kitunguu saumu kibichi. Mafuta huzuia hewa, saumu ina maji, na mahali pasipo na hewa penye maji ndipo bakteria wa botulinum anapotengeneza sumu yake, bila harufu na bila dalili ya macho. Tengeneza kidogo, weka katika jokofu, umalize katika siku chache. Usiiweke rafuni kamwe.

Mtu mmoja aliniuliza mlangoni kama kazi hii inamfaa asiye na muda. Nilimjibu kwamba asianze na kilo 10. Aanze na kile kinachokaribia kuharibika leo: nusu ya kitunguu iliyobaki, karoti tatu zilizoanza kunyauka, fungu la majani ya viungo ambalo alitumia matawi mawili tu. Kwa wiki chache vipande hivyo, kila kimoja katika chupa yake, vinatosha kwa sufuria ya mchuzi, na hapo amejifunza kazi yote bila kupoteza siku.

Na vile vipande vilivyovunjika, na vumbi linalobaki chini ya chupa, msivitupe. Visageni viwe unga laini, nyanya peke yake, kitunguu peke yake, majani peke yake. Kijiko kimoja cha unga wa nyanya hufanya mchuzi mwepesi uwe mzito. Unga wa majani hupotea ndani ya uji au ndani ya unga wa mkate, na wale watoto waliosogeza sahani zao mwaka ule sasa huula bila kusukumwa. Unga hunyonya unyevu upesi kuliko vipande, kwa hiyo sageni wa wiki mbili au tatu tu, na chupa yake iwe ndogo.

Nimeleta chupa tisa, ziko pale mezani, kila moja ina tarehe yake. Ile ya karoti nimekwisha kuifungua, mizani iko pembeni, na maji ya moto yako tayari. Karibuni mje mzishike kwa mikono yenu. Asanteni sana.